Machipukizi ya Mtama wa Baba Mdogo

Mtama ukikatwa haufi. Kisiki hubaki ardhini, na mizizi ikipata unyevu kidogo, machipukizi hutoka ubavuni, mabichi na malaini. Mwaka ule kule bondeni, upande wa Kamsamba, mvua zilikatika mapema na mavuno yakawa haba. Kisha, watu walipokwisha kuvuna, ikanyesha mvua moja isiyotarajiwa, na jua likarudi kali kuliko kwanza. Nilisimama kwenye ua wa miiba wa shamba lililokuwa la mama yangu, nikayaona machipukizi yamejikunja kwa kiu. Nilifurahi mno.

Nilikuwa nimetoka chuo cha kilimo karibuni, nikapangiwa kazi ya bwana shamba huko huko nilikozaliwa. Jumbe wa kijiji alikuwa baba yangu mdogo. Nilipokuwa mtoto, baba akiwa amekwisha kufa, ulikuja mwaka mwingine wa ukame kama huu. Ng'ombe wa baba mdogo waliingia katika shamba letu, wakala machipukizi, na kabla jua halijafika utosini walikuwa wamelala chini, wakihema kama waliokimbizwa, povu mdomoni. Walipopasuliwa, damu yao ilikuwa nyekundu mno. Baba mdogo aliigusa kwa kidole akawaonyesha watu.

"Nani amewahi kuona damu ya mzoga ikiwa hivi? Mwanamke huyu ameweka kitu."

Mama alifukuzwa, mimi mkono mmoja, sufuria mkono wa pili. Tukapanda hadi Tunduma kwa wajomba. Shamba akalichukua yeye aliyenyoosha kidole.

Chuoni, mwalimu alipotueleza habari za mtama, niliacha kuandika. Alisema mmea ukipata kiu hufunga vile vitundu vidogo vya majani ili maji yasitoke. Lakini vitundu hivyo ndivyo vinavyoingiza hewa ya kutengenezea chakula, kwa hiyo kukua kunasimama. Mizizi haijui kwamba juu kumefungwa. Inaendelea kuleta mbolea ya udongo. Mmea hauna pa kuipeleka, basi sehemu yake huigeuza kuwa kitu kichungu kilichofungwa pamoja na sukari, ukakiweka katika majani machanga. Hapo hakina madhara. Chachu ya kukifungua imewekwa mahali pengine katika jani lile lile. Ng'ombe akitafuna, viwili hivyo vinakutana, na sumu inatoka. Hewa inakuwamo ndani ya damu lakini mwili unashindwa kuitumia. Ndiyo sababu damu inabaki nyekundu.

Wenzangu waliandika na kwenda kula. Mimi nilibaki nimeketi, nikiona kidole cha baba mdogo.

Sasa basi, nilikuwa na njia gani? Nililala na kuamka na hesabu hiyo. Nikinyamaza, ng'ombe watakufa, na watu watasema uchawi wa mama bado umo ardhini. Nikisema na ng'ombe wakafa, watasema mtoto amerithi kwa mama yake. Nikisema na ng'ombe wasife, kwa kuwa sumu haiko sawa kila mahali, mama atakuwa mwenye hatia milele, na mimi mpumbavu mwenye cheti. Kilichobaki ni kimoja: baba mdogo mwenyewe awazuie ng'ombe wake, na aseme sababu kwa mdomo wake.

Mila yetu ilinisaidia. Mavuno yakiisha, mashamba yote huwa malisho ya wote, lakini hakuna anayeingiza mfugo kabla ng'ombe wa jumbe hawajatangulia. Mwaka wa njaa ya majani, kijiji kizima kingekuwa kinamtazama yeye.

Nilimwendea mchana, akiwa anatengeneza mpini wa jembe. Nilimweleza yote.

"Kitabu kimekuambia hayo?" akauliza, akicheka.

"Kitabu na damu, baba mdogo. Ile damu uliyoigusa."

Kicheko kilikatika. Aliendelea kuchonga, lakini kisu kilikuwa hakikati kitu.

"Basi nitasubiri kuwatoa," akasema.

"Waambie watu sababu."

"Sababu ni yangu, mwanangu."

Kwa bahati mbaya, nikiwa na wasiwasi huwa naeleza kupita kiasi. Nilikuwa nimekwisha kumwambia kwamba machipukizi yakirefuka kupita goti, au yakikatwa yakakaushwa vizuri, sumu hupungua. Nilipofika njiani nikatambua nilichomfanyia. Alikuwa na haja ya kusubiri tu. Mtama ungerefuka, angeingiza ng'ombe wake wakashiba, na mama angebaki mchawi.

Tangu siku hiyo nilikwenda kila asubuhi kuyapima machipukizi kwa mguu wangu. Niliombea jua ili yasirefuke, mimi bwana shamba niliyeajiriwa kuwatakia watu mvua. Wafugaji waliponiuliza kwa nini jumbe anachelewa, niliwajibu, "Muulizeni mwenyewe." Nilijua ng'ombe wao hawataingia kabla ya wake, nami nilitaka ulimi wake, si wangu.

Machipukizi yalikuwa hayajafika goti wakati uvumilivu ulipowaishia wafugaji. Asubuhi moja walikuja na mifugo yao hadi kwenye ua wa shamba, wakatukuta mimi na baba mdogo, mbavu za ng'ombe zikihesabika kwa mbali. Mbele alikuwa jirani wa baba mdogo, mtu wa sauti kubwa na mdomo usio na breki.

"Jumbe, shikamoo! Ng'ombe wako wamefunga kwaresima? Pasaka ilikwisha pita!"

Watu wakacheka.

"Wanaumwa kwato," akasema baba mdogo.

"Wote? Hata ndama aliyezaliwa juzi? Basi wapumzike, sisi wa kwato nzima tunaingia." Jirani akashika tawi la miiba, akaanza kulivuta.

Ng'ombe wake walinyoosha shingo. Niliona baba mdogo akiutazama ule mwanya, kisha akinitazama mimi. Ng'ombe wale wakifa na ikajulikana kwamba alijua, watu wangemla mzima. Alimrukia jirani, akalishika tawi kwa mkono mtupu, miiba ikamwingia.

"Usiingize! Yanaua!"

"Nini kinaua? Mchawi wako si yuko Tunduma?"

"Mtama. Mtama wenyewe, ukichipua na kiu."

"Tangu lini?"

Aliliachia tawi. Damu ilikuwa inamtoka kiganjani.

"Si tunakuuliza, jumbe? Tangu lini?"

"Siku zote."

Hapo nikasogea. Nilikuwa nimeliandaa swali langu tangu chuoni, na bado sauti ilitoka nyembamba.

"Hata wale wako, baba mdogo? Wale wa wakati ule?"

"Hata wale."

"Wa nyuma hawajasikia."

Alinitazama. Sikuyaondoa macho.

"Hata wale!" akapiga kelele. "Ni mtama uliowaua!"

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja aliyekuwa rafiki wa mama alitema mate chini, karibu kabisa na miguu ya jumbe. Jirani alilirudisha lile tawi mahali pake, akawageuza ng'ombe wake. Niliwaelekeza wayakate machipukizi na kuyakausha juani, nikawaonya kwamba hata yakikauka waanze kwa kidogo. Nilieleza mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Nilipopata ruhusa nilipanda Tunduma. Mama alikuwa uani anachambua maharage. Nilimsimulia yote, nikaingiza na habari za chachu na sukari. Hizo hakuzisikiliza.

"Alisema kwa mdomo wake?"

"Alisema. Mara mbili."

"Nani walisikia?"

Nikawataja. Kwa kila jina alitikisa kichwa na kutupa punje mbovu pembeni.

"Na mkono wake?"

"Umevimba."

"Vizuri." Akainuka, akakung'uta kanga, akaingia ndani kutafuta viatu vyake vya kanisani. "Kesho unanipeleka. Lakini tufike mchana, watu wakiwa nje. Nataka nipite mbele ya nyumba yake polepole."