Bi Mdogo wa Kwenye Miwani

Mama Pindo hakuwa mtu wa ugomvi. Jina lenyewe alipewa na wateja wake wa cherehani, maana hata ukimletea kitambaa cha kupigia deki, atakikunjia pindo kwanza ndipo akurudishie. Lakini wivu alikuwa nao, tena wa kuwagawia majirani na ukabaki. Na mwanamke aliyekuwa akimwonea wivu hakuwa na miguu ya kukanyaga kizingiti chake.

Mumewe alikuwa mchora mabango. Vichwa vya vinyozi, meno ya madaktari wa meno, matairi ya mafundi magari, vyote vilitoka kwenye brashi yake. Kwa miaka mingi alikuwa akisikia sauti ya mwanamke ambayo hakuna mwingine aliyeisikia. Hospitali waliutaja ugonjwa kwa jina lake, skizofrenia, wakampa vidonge, na vidonge vikafanya kazi: akaacha kuwaogopa majirani, akalala usingizi wa binadamu. Sauti peke yake ndiyo iliyogoma kuondoka. Ilimwambia herufi zake zimelala upande. Naye alikuwa akiiamini, anafuta bango lililokwisha, na mteja akija anakuta ubao mweupe.

Mama Pindo aliibatiza sauti ile bi mdogo. Ulianza kama mzaha wa kumchekesha mume.

"Bi mdogo kasemaje leo?" alikuwa akimuuliza akirudi kazini.

Mume anasimulia, neno kwa neno, na mke anampa jibu la kupeleka. "Mwambie mwenye nyumba bado yupo, na afya anayo."

Wifi yake, dada wa mume, alilipenda sana jambo hilo. "Wifi, wewe una bahati," alikuwa akisema. "Mke mwenza gani hali, havai, wala haombi zamu?"

Mama Pindo alicheka, lakini kicheko hakikupita meno. Alipomwona mumewe kasimama na brashi hewani, kichwa kimeinama upande, anasikiliza, alijua kuna maongezi ndani ya nyumba yake na yeye hakualikwa. Ukiniuliza mimi, mke mwenza wa nyama na damu ni nafuu. Huyo utamvizia sokoni umpe yake, kila mtu arudi kwake.

Basi hospitali ikaleta miwani. Ilikuwa mikubwa, myeusi, inafunika macho yote, na aliyeivaa huona mahali pengine kabisa kana kwamba yuko huko. Mtaalamu aliyehusika nayo alikuwa kijana mpole mwenye soksi zisizofanana. Aliwakaribisha wote wawili, akamgeukia mgonjwa.

"Sauti unaisikia zaidi wakati gani?"

"Akiwa kazini," alijibu Mama Pindo.

"Na huwa inakwambia nini?"

"Inamtukana."

"Mama, nilimuuliza yeye."

"Sisi ni kitu kimoja," alisema Mama Pindo, na wala hakuwa akitania.

Kwanza mumewe alipimwa. Alivishwa miwani akajikuta dukani, kati ya watu wa kutengenezwa ambao hawakuwa na habari naye, kisha akaulizwa nani anamtazama vibaya. Akasema labda muuza duka, ila huenda yule naye ana jino linamuuma. Mtaalamu alifurahi kwamba hofu ya watu imemtoka, akaeleza kitakachofuata. Mgonjwa atatengeneza kwenye kompyuta uso wa yule anayemsumbua, jicho kwa jicho, pua kwa pua. Halafu atavaa miwani na kukaa naye ana kwa ana. Mtaalamu, akiwa chumba cha pili, ndiye atakayemsemea yule mwanamke kupitia kipaza sauti kinachobadilisha sauti. Mwanzoni atatukana kama kawaida yake, na kadiri mgonjwa anavyomjibu, atalegea.

"Kwa hiyo mnamtengenezea mwanamke," alisema Mama Pindo.

Mtaalamu akaandika tarehe ya kuanza.

Siku ya kwanza ya kuchora, mume alirudi amechelewa. Kumbe muda wote uliishia kwenye pua.

"Pua tu?"

"Haikuwa yake. Ukikosea pua, mtu si yeye tena."

Mama Pindo alisimamisha cherehani. "Na mimi umenichora lini?"

Mume alifikiri kwa unyofu wake wote. "Wewe si upo?"

Jibu hilo lilimchoma kuliko pasi. Ng'ombe wa bango la bucha alichorwa hadi kope. Yeye, aliyepika, akafua, akapigana na bi mdogo kwa maneno miaka yote hiyo, hakuwa na hata nusu ya sikio kwenye kipande cha boksi.

Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi. Siku za kliniki mume alianza kunyoa ndevu na kutafuta shati safi. Mtu anakwenda kutukanwa, ndevu za kunyoa za nini? Alirudi akivuma wimbo puani, na mke alipouliza bi mdogo kasemaje, alijibu, "Tumezungumza." Neno moja, basi. Zamani alimletea kila tusi kama mtoto anayeleta shati lililochanika. Sasa alikuwa na siri na mwanamke mwingine. Siku hiyo Mama Pindo alishona mkono wa sare ya shule kinyumenyume na hakugundua mpaka mteja alipokuja kuipima.

Wivu ukizidi hutafuta kazi ya kufanya. Asubuhi moja ya kliniki alimwambia mumewe, "Leo usiende. Wamepiga simu, wamefunga." Hakuna aliyekuwa amepiga simu. Mume alibaki nyumbani, na mchana wake sauti ilimwandama hadi akafuta bango zima la duka la dawa huku machozi yakimtoka. Mama Pindo alimtazama kutoka dirishani, akaona haya mpaka masikio yakapata moto. Lakini aibu ni kitu kimoja na wivu ni kingine. Cha kwanza hakikukimaliza cha pili. Mtaalamu alipopiga simu kuuliza kwa nini mgonjwa hakuonekana, mume aliipokea mwenyewe. Alisikiliza, akamtazama mkewe, akaiweka simu mezani.

"Nataka nimwone," Mama Pindo alisema usiku ule wakati wa kula, maana hakuwa na pa kujificha.

Mume alimeza tonge. "Twende wote, basi."

Kwa ridhaa ya mgonjwa, mtaalamu alimkalisha Mama Pindo pembeni yake, mbele ya kioo na kompyuta. Alikuwa amejiandaa kukutana na mrembo. Kwenye skrini akakuta mama wa makamo mwenye mashavu mazito na macho ya mtu aliyechoka foleni. Pua ilikuwa nzuri, hilo alilikubali. Mengine yote, ungekaa naye benchi moja hospitalini na kesho usimkumbuke. Angekuwa mzuri, Mama Pindo angelia yakaisha. Kushindwa na huyu kulikuwa ni dharau.

Upande wa pili wa kioo mumewe alikaa na miwani usoni, mikono imetulia magotini. Mtaalamu akasogeza kipaza sauti.

"Herufi zako zimelala," uso ukasema. "Futa."

"Ngoja. Niache nimalize kusema."

"Wewe huna la kusema."

"Ninalo. Niache nimalize." Mgongo wake ulikuwa umenyooka. "Lile bango la kinyozi liko barabarani mwaka wa pili sasa. Watu wanalisoma. Sijasikia aliyekwenda kunyolewa akapotea njia."

Uso ukasema, "Labda."

Hapo ndipo Mama Pindo alipoona wivu kuliko siku zote. Mwanaume yule aliyenyoosha mgongo, yeye hakuwahi kuletewa nyumbani.

Miwani ilipovuliwa, walikaa watatu.

"Umejisikiaje leo?" mtaalamu aliuliza.

"Amechoka," alisema Mama Pindo. "Shingo hiyo inamuuma, mwangalie tu, na huyu akishachoka huwa hawezi—"

"Mke wangu," mume alisema. "Niache nimalize kusema."

Hakuwa amesema bado hata neno moja. Na mikono ile, iliyotulia mbele ya bi mdogo, sasa aliibana katikati ya magoti.

"Kwa yule nilikuwa najizoeza," alimwambia mtaalamu, lakini macho yalikuwa kwa mkewe. "Wa kumwambia alikuwa huyu."

Miaka yote Mama Pindo alitaka kujua, kati yake na yule, nani hasa ni bi mkubwa kichwani mwa mwanaume huyu. Sasa alikuwa amejibiwa, mbele ya shahidi, kwamba ni yeye, na jibu hakulipenda.

"Haya," alisema kwa sauti ndogo. "Sema."