Besi ya Neville Thirkettle

Kila Alhamisi saa tisa alasiri Neville Thirkettle aliomba mvua inyeshe kubwa mpaka basi lisitokee. Mvua ilinyesha, maana Lowestoft, mji wa pwani ya Uingereza, haukosi mvua, na basi likaja vilevile. Akapanda na sanduku lake.

Lilikuwa sanduku la mbao la majani ya chai, mali ya marehemu mjomba wake. Ulipindue, usimamishe mpini wa ufagio ukingoni, ufunge kamba moja toka ncha ya mpini mpaka katikati ya sanduku, basi umepata besi. Skiffle, muziki wa vyombo vya kuokoteza nyumbani, haitaki zaidi ya hapo: gitaa la bei rahisi, ubao wa kufulia unaokwaruzwa kwa kastabini za washonaji, na mtu wa kuvuta kamba. Neville alianza kuivuta akiwa na miaka kumi na tano. Sasa alikuwa na sabini na moja, na bado aliamka saa kumi alfajiri kwenda kupanga makopo ya maharage kwenye rafu za supamaketi. Ikifika alasiri, bega la kulia linawaka moto.

"Baba, si uwaambie tu wenzako wa bendi umechoka," binti yake Lorraine alimwambia asubuhi ile. "Hawatakufunga."

"Nitawaambia leo."

"Umesema hivyo tangu Pasaka."

Aliposhuka basini karibu na kanisa la Methodisti, ambako bendi ilifanyia mazoezi, mguu uliteleza kwenye ukingo wa barabara. Yeye aliwahi kushika nguzo, lakini sanduku likabiringika barabarani na gari la mizigo likapita juu yake. Dereva, mama mmoja mnene, akashuka mbio huku rangi imemtoka.

"Samahani, mzee. Sikuliona kabisa."

Neville alizitazama zile mbao zilizovunjika, akashangaa kuona kifua chake kimekuwa chepesi. "Usijali, mama. Hujui ulivyonisaidia."

Akaingia ukumbi wa kanisa na mpini mkononi. Ron Utting, fundi bomba mstaafu, ndiye aliyepiga gitaa na kuimba. Beryl Catchpole, aliyewasuka na kuwakata nywele nusu ya wanawake wa mji, alipiga ubao.

"Sanduku limekufa," Neville akasema. "Gari limelipitia. Basi, jamani, mimi nimefika mwisho."

Ron akajikuna sikio. Beryl akaingia jikoni. Neville alidhani kaenda kuweka chai, kumbe alirudi akisukuma pipa la plastiki la buluu, analifuta kwa kitambaa.

"Jaribu hili."

"Beryl, hilo pipa la taka."

"Na lako lilikuwa nini, piano?"

Hapo Neville akakaa kitini kama gunia. Hata hasira hakuwa nayo. "Sifanyi utani, mama. Bega limekwisha. Nikitoka hapa nalala na viatu."

Kisha Ron akainua mkono wa kushoto. "Vidole hivi viwili havikunjiki tangu Krismasi. Nilikuwa nakuja kwa ajili yenu."

"Mie ndiye niliyekuwa nakuja kwa ajili yenu," Beryl akasema. "Mgongo huu? Wala msiniulize."

Wakatazamana. Ron akaanza kucheka polepole, kicheko cha mtu asiye na nguvu ya kucheka, na wenzake wakafuata. Kisha akainama, akatoboa kitako cha pipa kwa bisibisi na kufunga kamba. Wakapiga wimbo mmoja wameketi wote watatu, mwendo wa taratibu kuliko walivyowahi kupiga. Pipa lilikoroma kama mtu aliyeshiba. Beryl alikosea mara mbili na hakuna aliyemwambia. Ulipoisha, Neville ndiye aliyesema wapige mwingine.

Jioni Lorraine alimkuta amejilaza kwenye kochi.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wakasemaje?"

"Wao nao wamechoka. Tutakutana mara moja kila wiki mbili, na pipa linabaki kanisani. Sibebi kitu tena."

Lorraine akaguna, akamvua viatu, akamwekea mto chini ya bega. Neville alikuwa ameshasinzia.