Memori Niliyoichagua kwa Shikamoo

Siku hizi nikipita pale barazani wanapouza kahawa, wenzangu hawaniamkii kama watu wanavyoamkiana, wanasema "Piii! Piii! Piii!" halafu wanavuta miguu yao ndani kama wanaoogopa kukanyagwa, na kucheka wanacheka mpaka vikombe vinamwagika. Basi nimeona bora aibu yangu niieleze mwenyewe kwa kinywa changu, maana inavyoelezwa na wengine imefika mahali inasemwa nilichoma nyumba, na nyumba sikuchoma, wallahi, moshi ulikuwa kidogo tu.

Mimi ni Kombo, fundi redio. Niseme kweli, nilikuwa fundi redio, zamani zile redio ikiwa na uzito wa mbuzi na ukiiwasha unangoja ipate moto ndipo iseme. Shule niliishia darasa la nne (mwalimu alinituma nikamlete baba, baba akasema mwalimu akiwa na shida naye na aje mwenyewe, wakavutana hivyo mpaka wote wawili wakafa, na mimi sikurudi). Lakini chuma cha moto cha kuunganishia nyaya kwa risasi nilikishika vizuri, na hiyo ndiyo iliyoniponza, kwa sababu mtu aliyewahi kujua kitu kimoja hudhani amejua na jirani zake wote.

Sasa, hapa Kaole naishi na mwanangu Shaabani na binti yake Saumu. Huyu Saumu ni mjukuu wangu wa kwanza wa kike, na kwa utani wetu ananiita mume wangu, nami namwita bibi mdogo. Kazi yake ni mikanda ya harusi. Anapiga picha, anakata, anaunganisha, anatia nyimbo, yote kwenye kompyuta ya mezani aliyoiunda mwenyewe kwa mikono yake, boksi kalitoa ofisi fulani walikokuwa wanalitupa, bodi kainunua huku, feni kule, mwaka mzima anaokoteza kama ndege anayejenga. Baba yake hakuipenda. Alisema hivi: harusi ya binti wa Bi Mwanaidi, wa Bagamoyo mjini, ndiyo mtihani. Mkanda ukimpendeza Bi Mwanaidi, ana mabinti wengine wawili wamekwisha kuchumbiwa, na kazi zote zitakuja kwa Saumu. Usipompendeza, Saumu atakwenda Zinga dukani kwa shangazi yake kuuza saruji na misumari, na boksi lake apewe mtu mwingine.

Saumu hataki saruji. Hilo mlikumbuke.

Shida ya ile kompyuta ilikuwa kukwama. Bibi harusi ananyanyua mguu ashuke kwenye gari, mguu unabaki hewani, unaweza kwenda kuswali ukarudi ukaukuta hapo hapo. Saumu akanieleza, "Mume wangu, memori ni ndogo. Memori ni kama meza ya fundi cherehani, meza ikiwa ndogo kitambaa kikubwa hakienei, lazima ukunje ukunjue." Nikaelewa. Na kwa kuwa nilikuwa naenda Dar kliniki ya macho, nikasema mwenyewe, hakuna aliyeniomba, "Lete nikakununulie."

Akaichomoa ile memori ya zamani (kitu chembamba, kirefu kama kidole cha kati na nusu, kina meno ya dhahabu upande mmoja na kijipengo katikati ya meno), akaifunga kwenye kitambaa. "Mwonyeshe muuzaji hii kama mfano, akupe ya aina hii hii, ya kizazi cha nne, na hii irudi, maana zitakaa mbili pamoja. Nimekuandikia na kikaratasi." Nikatia mfukoni.

Kule kliniki wakanitia dawa ya macho, nikatoka dunia yote ukungu, watu wana mwili lakini hawana sura. Ila nisiyasingizie macho. Yaliyoniponza ni masikio.

Duka la kwanza nililoelekezwa Kariakoo, muuzaji alikuwa binti, ana vidude masikioni, mkononi bisibisi. Akaniambia, "Niambie, mzee."

Niambie! Mimi! Nikasimama nangoja. Kwetu, mtu wa rika langu akiingia mahali kuna neno moja linalotangulia mengine yote, na lisipotangulia, hata kama umekuja kununua mhogo, neno mhogo halikutoki kinywani. Yule binti wala hakujua kwamba nangoja. Kaichukua memori mkononi mwangu, kaigeuza mara moja, "Hii ni ya nne. Ninayo. Nitakujaribia hapa hapa uione ikiwaka."

Nikamwuliza, "Kwenu hawaamkii wakubwa?"

"Mzee, nina watu nyuma yako hapo. Unataka au hutaki?"

Nikaipokonya memori yangu nikatoka. Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo hivyo, hatua tano kuvuka barabara, na mengine yote yametoka humo.

Maana ng'ambo, kabla sijakanyaga kizingiti, nikasikia sauti kama asali, "Shikamoo, mzee wangu!" Marahaba, mwanangu! Nikapewa kiti. Nikaletewa maji. Akaniuliza za nyumbani, za wajukuu, mvua zimenyesha huko kwetu, miguu inasumbua, na mimi nikamwambia yote mpaka ya goti la kushoto. Kikaratasi nikampa asome. Akakisoma, akapumua. "Ya nne zimekwisha, mzee wangu. Lakini ninayo ya tatu, na kwa heshima yako nitakupa mbili, wewe niachie tu hii ya zamani."

Nikauliza (msidhani sikuuliza), "Ya tatu na ya nne si zina tofauti?"

Akacheka kwa adabu. "Mzee wangu, kati ya darasa la tatu na darasa la nne kuna tofauti gani?"

Nikafikiri. Mimi niliyefika la nne, nikapekua kichwa changu chote, sikuona hilo la nne liliniongezea nini. Nikamwachia ya zamani, nikachukua mbili za tatu, nikamwombea dua, nikarudi nyumbani nimenyoosha shingo kama niliyekwenda kuhiji.

Saumu nikamwambia nimepata, tena mbili, zimefungwa vizuri, azikute hapo. Hakufungua. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na wageni wanakuja baada ya alasiri, kwa sababu desturi ya mikanda hii ni kwamba ukoo wanakuja kwanza kuitazama kabla haijafungwa, waseme pa kukata. ("Hapo nitoe, nilikuwa natafuna." "Hapo mtoe yule, tumekwisha kugombana naye.") Saumu akaenda mjini kuchukua televisheni kubwa ya kuazima. Mlangoni akageuka, "Mume wangu, boksi langu usiliguse. Nitachomeka mwenyewe."

Nikasema sawa.

Ikafika saa saba, saa nane, Saumu hajarudi, viti vimepangwa uani, na mimi nimekaa na vile vitu viwili vya dhahabu mapajani. Nikawaza, atarudi amechoka, na mimi nilikuwa fundi. Nikafungua boksi. Nikapeleka memori kwenye mfereji wake. Haikuingia. Nikaigeuza, haikuingia. Nikavaa miwani, nikaona: kijipengo cha kwenye meno hakilingani na kigingi kilichomo mferejini, kimepishana kidogo tu, kama upana wa punje ya mchele.

Mwenye akili angeacha hapo. Lakini sisi mafundi wa redio tulilelewa na tupa. Zamani kipuri kisichoingia ulikisugua mpaka kikaingia, na mteja akakushukuru. Sikuwahi kukutana na kitu kinachosema "hapana" kikawa na maana ya hapana. Nikachukua msumeno wa chuma, nikakata pengo jipya katikati ya yale meno ya dhahabu, taratibu, kwa bismillahi, nikapuliza unga wake, nikasukuma kwa kiganja mpaka ikalia kwaa. Nilidhani imekaa. Ya pili ilikuwa ya mfereji wa jirani, nayo nikaikata, lakini hii ilinichosha, nikaiacha mezani.

Saumu akarudi pamoja na wageni, ndani ya gari moja. Bi Mwanaidi, dada zake, mashangazi, bibi harusi na mumewe, na mwanangu Shaabani naye akavuta kiti akakaa nyuma, mikono kifuani, kama hakimu. Saumu alipotaka kufungua boksi nikamzuia mbele ya watu wote (eti nimpunguzie kazi!), nikasema kwa sauti, "Tayari, bibi mdogo! Nimekwisha kulitia memori mpya, kwa mkono wangu mwenyewe." Akanitazama. Wageni wakapiga vigelegele. Hakuwa na la kufanya, akabonyeza.

Feni ikazunguka. Televisheni nyeusi. Halafu, "Piii. Piii. Piii."

Tukatazamana. "Piii. Piii. Piii."

Shangazi mmoja akasema, "Jamani waondoeni watoto, lori linarudi nyuma!"

Uani kukalipuka. Mimi, badala ya kusema kweli, nikainuka nikatoa maelezo. Nikasema mashine njema haianzi haraka, lazima ipate moto, redio zetu za zamani zilikuwa hivyo hivyo, subirini. Wakasubiri, masikini, kwa heshima yangu. Likapata moto kweli. Kwanza harufu, kama nywele zilizogusa jiko, halafu uzi wa moshi ukatoka mgongoni mwa boksi ukapanda polepole mbele ya Bi Mwanaidi, naye akaufuata kwa macho mpaka ulipopotea.

"Mzee Kombo," akasema, "harusi ya mwanangu imo humo, au mmeifukiza?"

Saumu akachomoa waya. Akafungua boksi, akaitoa memori, akainyanyua juu kwenye mwanga. Pengo langu lilionekana mpaka viti vya nyuma.

"Babu. Umeikata?"

Hakusema mume wangu. Alisema babu.

"Niliipa nafasi kidogo."

"Na ile yangu ya zamani iko wapi?"

"Nilimwachia yule bwana. Bwana mwenye adabu sana."

"Adabu!" Bi Mwanaidi akapiga makofi mara moja. "Hiyo ndiyo adabu iliyokula harusi ya watu!" Na kijana mmoja wa upande wa bwana harusi, nikaona simu yake imeinuliwa tangu piii ya kwanza, na ndiyo sababu ya haya ya barazani.

Hawakucheka wote. Saumu hakucheka. Alikuwa ameshika kile kipande viganjani, na nyuma yake baba yake akainuka, akajikung'uta kanzu, akasema, "Jumatatu nitampigia shangazi yako." Hapo ndipo nilipokoma kuwa fundi. Nikasimama mbele ya wale wanawake nikasema kosa ni langu lote, binti alinikataza, nikakaidi, mkanda wenyewe umo salama kwenye sehemu nyingine ya boksi (hilo Saumu alininong'oneza, mimi nisingejua), tafadhali wampe siku mbili.

Bi Mwanaidi akafikiri muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa makusudi. "Jumapili baada ya adhuhuri. Likilia tena, mabinti zangu waliobaki nawapeleka kwingine. Na mzee huyu nisimwone karibu."

Jumamosi mimi na Saumu tukaenda Kariakoo, boksi nimelibeba mimi kichwani, adhabu. Kwa bwana mwenye adabu tulianza. "Shikamoo, mzee wangu! Goti la kushoto halijambo?" Alikumbuka goti! Memori ya zamani ilikuwa imekwisha kupata mtu, na hizi mbili, akasema huku ameweka mkono moyoni, kilichokatwa hakirudi. Kwa upole hivyo kwamba nilijikuta nimeshukuru.

Tukavuka barabara. "Niambie, mzee," akasema yule binti.

Nikamwambia. Yote. Akachomoa kidude kimoja cha sikioni, akamulika ndani ya boksi. "Mfereji huu umekufa. Huu mwingine mzima. Nani alilazimisha?"

Saumu akatazama dari.

"Mimi," nikasema.

"Pole, mzee." Akatia moja kubwa ya nne, ile ile ya kikaratasi, akaunganisha kioo chake, akabonyeza, na picha ikaja. Bibi harusi akashuka kwenye gari, mguu ukafika chini. Shikamoo hakunipa mpaka tunatoka, na memori haikukataa kufanya kazi kwa sababu hiyo.

Jumapili nilikaa nyuma ya ua, upande wa kuku, nikisikiliza. Hakuna piii. Nikasikia tarumbeta, nikasikia vigelegele vya mle ndani ya mkanda na vya nje vikichanganyika, nikasikia Bi Mwanaidi akisema, "Hapo nitoe, shingo yangu imekaa vibaya," na Saumu akisema, "Nimeshakutoa, mama," na hapo nikajua, maana mtu anayepoteza kazi haambiwi habari za shingo. Kazi za wale mabinti wawili kapewa. Na Shaabani, Jumatatu ilipofika, simu ya Zinga hakuipiga.

Jioni ile ile ya Jumapili Saumu akaja kule kwenye kuku. Ametoboa moja ya zile memori nilizozikata, ametia pete, amefunga funguo zangu za nyumba. "Hii utatembea nayo. Na kwa kuligusa boksi langu nimekupa talaka moja, mume wangu. Zimebaki mbili."

Nimeikubali. Naitunza ndoa yangu. Na mtu yeyote akiniita "mzee wangu" kwa sauti tamu kuliko nilivyostahili, naitikia marahaba, kisha natia mkono mfukoni napapasa lile pengo.