Siku Tisa za Mizani Iliyokwama

Siku ya kwanza alipomwona, mpimaji alidhani msichana yule amepotea njia. Msichana alisimama mlangoni mwa banda la miche la chuo, kigoda kwapani, viatu vya ofisini vimezama kwenye tope.

"Kaka, kwenye maharage ndiyo hapa?"

Mpimaji aliitikia kwa kichwa. Alikuwa mtu mzima, elimu yake ya msingi tu, na mbele ya wasomi mdomo wake ulikuwa mzito. Mkewe alizoea kumtania: "Wewe mtu akikukanyaga, unamwomba radhi kwa kuweka mguu chini ya kiatu chake."

"Basi nimefika," msichana alisema, akatua kigoda. "Miaka miwili tu, namaliza, mnaniita daktari."

Alikaa mitano.

Alikuwa akitafiti maharage huvumilia kiu kiasi gani. Makopo mia mbili ya miche yalipangwa juu ya meza ndefu. Kila asubuhi mpimaji aliyapandisha moja moja kwenye mizani ya umeme, akaandika uzito daftarini, ukurasa mmoja kwa siku, na mtafiti akaziingiza namba kwenye kompyuta. Kila msimu ulipoisha, profesa wake alipitia majedwali, akavua miwani, akasema kwa upole, kama mwenyeji anayemwongezea mgeni chakula: "Vizuri. Msimu mmoja tu zaidi."

Wenzake wakaolewa, wakaajiriwa, wakajenga. Mama yake alipopiga simu, aliitoa sikioni akaiweka juu ya ndoo, ikaongea peke yake.

"Mama anauliza kama haya maharage yanaliwa," alimwambia mpimaji. "Nimemjibu hayaliwi, yananila mimi."

Mwenyewe alisema uvivu ndio uliomfungulia dirisha. Alichoka kukagua namba kwa macho, akajifunza kuandika programu ya kompyuta imsaidie. Ya kwanza ikazaa ya pili. Watafiti wengine wakaanza kupanga foleni bandani awatengenezee na wao. Kufika mwaka wa tano alikuwa akiandika programu asubuhi na kumkwepa profesa mchana, kama mchumba aliyeanza kuangalia pembeni. Hatimaye aliomba kazi kwenye kampuni ya programu, nao wakamwita kwenye usaili wa kwenye kompyuta.

Aliufanyia bandani, kwa kuwa ndipo palipokuwa na utulivu. Kompyuta ilikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, yeye juu ya kigoda. Kwenye kioo walionekana vijana watatu. Mpimaji alitaka kutoka, mtafiti akamwonyesha kwa mkono aendelee kumwagilia.

"Miaka mitano umekuwa ukifanya nini?" kijana mmoja aliuliza.

"Kuyanyima maharage maji."

Wakacheka. "Haya, tuonyeshe programu uliyoandika mwenyewe."

Alichagua iliyo mpya kabisa, ya kutafuta makosa kwenye namba za misimu yote. Akabonyeza. Kioo kikajaa mistari myekundu: kurasa tisa za msimu wa tatu zilifanana, namba kwa namba, na kurasa tisa zilizotangulia.

"Safi!" kijana alisema. "Imekamata kitu."

"Imekamata," alijibu.

Kopo mkononi mwa mpimaji lilikuwa limeshafurika, maji yanaingia kiatuni.

Usaili ulipokwisha, mtafiti hakugeuka. "Kaka, makopo mia mbili hayawezi kurudia uzito ule ule siku tisa."

"Mizani ilikwama," mpimaji alisema. "Wewe ulikuwa umekwenda kumuuguza mama. Nikaenda kwa profesa nimwambie. Ndani kulikuwa na wageni, wanacheka. Nikainua mkono nigonge, mkono ukagoma. Nikanakili kurasa za nyuma. Kila siku nikisema kesho. Siku ya kumi fundi akapita na shughuli zake, akaitengeneza."

"Na niliporudi?"

"Niliona haya, dada. Kila siku ikawa nzito kuliko ya jana yake."

Alhamisi barua ikaja: kazi ameipata, aanze Jumatatu ya pili. Tasnifu yake tayari ilikuwa mezani kwa profesa, inasubiri saini. Akinyamaza, anaondoka daktari, na uongo ndani ya kitabu chake. Akisema, msimu wa tatu unatupwa na kupandwa upya. Na mpimaji, kibarua wa mkataba wa msimu hadi msimu, anafungashwa virago. Siku mbili mtafiti alikaa kigodani bila kugusa kompyuta. Mpimaji alizunguka meza na ndoo yake, akitamani kutoka nje, lakini ili atoke ilikuwa lazima ampite, maana banda lilikuwa na mlango mmoja.

Jumatatu, mtafiti alipoomba kumwona kuhusu daftari, profesa aliwaita wote wawili.

"Kurasa tisa si za kweli," mtafiti alisema. "Mimi ndiye sikuzikagua."

"Nani aliziandika?" Profesa alimtazama mpimaji.

Mpimaji alifungua mdomo. Maneno alikuwa nayo, ameyapanga tangu alfajiri, lakini alibaki akifuta tope la kiatu kwa kiatu.

"Daftari ni langu, Profesa," mtafiti aliwahi. "Jina kwenye jalada ni langu."

Profesa alivua miwani. "Basi, msimu mmoja tu zaidi."

"Hapana, Profesa. Jumatatu ijayo naanza kazi."

Akaacha shahada pale mezani, kama mtu anayeacha mwavuli usio wake.

Ijumaa alikuja kufungasha. Mpimaji alikuwa kwenye kopo la arobaini, mgongo ameupa mlango.

"Huko nako watakuita daktari?" aliuliza bila kugeuka.

"Huko mabosi wangu ni wale vijana. Chumba chenyewe madirisha hayafunguki. Ila programu ikishindwa inapiga kelele, kaka. Haioni haya."

"Nitakwenda kwa profesa. Nitamwambia ni mimi."

"Leo?"

Mpimaji aliandika uzito wa kopo la arobaini. Akachukua la arobaini na moja.

Mtafiti alikisogeza kigoda karibu na mizani, akakiacha hapo. Mlangoni alisimama.

"Mizani ikikwama tena, andika imekwama. Halafu gonga mlango, kaka yangu."