Nililazimisha graphics card ya zamani iongee na TV ya Mzee, wageni wakaiua

Wakuu, salamu kutoka Nyamira. Haya sikuhadithiwa, yamenipata mimi.

Baba yangu, Mzee, anakaa Manga. Alipata stroke na macho yake hayaoni vizuri. Mama alishafariki. Video pekee tuliyo nayo ya mama ni tape ya kwaya ya kanisa, amesimama mstari wa mbele. Deki ilikufa kitambo, so nikapeleka tape Kisii ikawekwa kwa flash.

Shida ni kwamba Mzee hataki TV nyingine ila yake, ile ya zamani yenye kisogo kirefu. Waliinunua na mama kwa bonasi ya majani ya chai waliyouza.

Najua mtasema, "si ununue converter ya kuleta picha ya computer kwa TV?" Nilinunua. Picha ikatoka na ukungu, mama hatambuliki kati ya waimbaji.

Kwa wasiojua, TV hizo huchora picha polepole, kwa 15 kHz. Computer ya kawaida huanzia 31. Graphics card mpya ukiiambia ishuke hadi hapo, driver, ile programu inayoiendesha, inakataa katakata.

Nikapata card ya zamani kwa mtu wa scrap. Nikaunganisha cable yangu hadi tundu la RGB nyuma ya TV, nikaandika mode yangu mwenyewe, yaani vipimo vya picha, kwa Linux. Mara picha inateleza, mara inapasuka katikati. Nilitukana sana, Mungu anisamehe.

Siku ilipokubali, Mzee aliinua ule mkono mzima akataja jina la mama. Nilitoka nikalia kwa migomba.

Sasa sikieni. Computer ikiwaka, kabla mode yangu haijaingia, inatoa ile signal ya kawaida. TV ikiipokea inaungua. Kwa hivyo sheria ilikuwa moja tu: computer kwanza, TV baadaye. Niliwaambia wote.

Lakini kwetu mgeni akiketi sitting room na TV imezimwa, anaona hajakaribishwa.

Sabato moja baba mdogo akaja na watu wa kanisa kumwona Mzee. Mimi nilikuwa jikoni na chai. Akawasha TV, akaona haina kitu, akabonyeza computer.

Nilisikia mlio mwembamba, kisha harufu ya kuungua. Nilipofika kioo kilikuwa cheusi.

"Haka ka-TV kamezeeka," akasema baba mdogo. "Wacha kaende tu. Tutaletea Mzee flat screen."

Pole hakusema. Flyback ya hiyo TV, kile kifaa cha umeme mkali kilichoungua ndani, nimetafuta Kisii mjini hadi Keroka, hakuna.

Flat ililetwa kweli. Juu yake, mama akigeuza kichwa uso unakatika mistari mistari. Nikiweka filter ya kuondoa hiyo mistari, analainika hadi anakuwa mtu mwingine. Baba mdogo hukaa hapo na soda yake, "Sasa hii ndiyo picha!" Mzee yuko kando yake, amefunga macho.

Funzo langu ni chungu: kitu chenye masharti usikiache mahali wageni wanaheshimiwa kuliko wenye nyumba. Kifungie. Watakuita mchoyo, lakini kitabaki kizima. Nina hasira na sitaificha.

Mwenye kujua pa kupata hiyo flyback aniambie. Mwenye kunilaumu pia aandike, nitasoma.

Jana Mzee ameniuliza, kwa ile sauti yake ya kukokota, mama ataimba tena lini. Nimemwambia Sabato.