Jina Lililokatwa Mkia

Juzi nilikuwa nimesimama kando ya barabara hapa Gisenyi, nikimsubiri mjukuu wangu anitafutie pikipiki, mara nikasikia mwanamke anaita kutoka upande wa ziwani, ule wito wa kuvuta mwisho: "Mariyaaa!" Akili yangu haijafika, mdomo ulishatangulia. "Karame!" nikajibu, tena kwa sauti ya nguvu. Watu wakageuka. Msichana mmoja anayeuza maandazi akacheka mpaka akashika kiuno, na kile kibinti kilichokuwa kinaitwa kikanitazama kama mtu aliyeibiwa.

Acha wacheke. Mimi siku hizi sina mtu wa kuniita jina. Ni Bibi huku, Hajati kule. Halafu hilo "karame" lenyewe si neno la kwetu. Kwetu, katika mtaa wa Waswahili, msichana akiitwa na mkubwa wake alisema "Abee" na kuja mbio. "Karame" wanajibu watoto wa Wanyarwanda wakiitwa na wazazi, na ukilichambua ni dua: uishi sana. Nitawaambia nililipata wapi. Nililipata kwa ugomvi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Wabelgiji. Baba yangu alikuwa fundi wa kushona, na cherehani yake ilikaa barazani kwetu ikikoroma tangu asubuhi. Mpaka leo nikisikia harufu ya kitambaa kipya kinachopigwa pasi ya makaa, namwona yeye na sindano zake mdomoni. Mama alikuwa akifua nguo za watu, na mimi nilikuwa jeshi lake. Kila siku karai kichwani, chini ziwani. Sasa mawe ya kwetu mnayajua, ni mawe ya volkano, meusi, yana meno. Ukifulia hapo nguo inarudi matambara. Lakini palikuwa na jiwe moja laini, pana, limelala nusu majini, na kila msichana wa ufuo ule alilitaka.

Siku moja, nikiwa na miaka minane hivi, nimeliwahi lile jiwe, nikasikia sauti juu ya mteremko: "Mariya! Njoo haraka!" Mimi jina langu ni Mariamu, lakini mji mzima uliniita Mariya tu, hawakuwa na nafasi ya kumalizia. Nikapanda. Nikamkuta mama mmoja mnene, mke wa mvuvi, ameinamia moto. Bila kutazama vizuri akanyoosha mkono na kunipa samaki wa kuchoma, wa moto, chumvi inametameta juu. Ningefanyaje? Nimeitwa, nimekuja, nimepewa. Nikala. Nilikuwa na mkia mdomoni alipotokea msichana mwembamba, miguu mirefu, macho makali, akasimama mbele yangu.

"We ni nani?"

"Mi Mariya."

"Mariya ni mimi! We ni Muswahili tu."

Nikameza. "Mi Mariamu. Hata yako ni hiyo hiyo, ni vile imekatwa mukia."

"Na yako imeota mukia sawa panya!"

Mama yake alicheka hadi machozi. Sisi hatukucheka. Kuanzia siku hiyo ilikuwa vita, na vita vyenyewe vilikuwa vya jina: nani ageuke likiitwa, nani asubiri. Akiitwa yeye, nageuka makusudi. Nikiitwa mimi, anaitikia kwa sauti ya pua, ananiigiza. Alinitia mchanga kwenye nguo nilizokwisha kusuuza. Mimi nilificha ngata yake, akapanda na mtungi juu ya nywele tupu huku akinitukana kwa Kinyarwanda, na matusi ya Kinyarwanda, jamani, yana urefu. Tulichukiana kwa moyo wote, kama watoto tu wanavyoweza kuchukiana, na kila asubuhi nilikuwa na haraka ya kwenda ziwani nione leo amepanga nini.

Halafu likaja suala la shati. Lilikuwa shati jeupe la karani mmoja, mtu wa maringo, na mama alikuwa amenionya juu ya shati hilo kabla hata sijainua karai. Mariya akaja, tukagombania jiwe, akapiga karai teke. Shati likaondoka na maji, mikono imetanuka, linaenda zake taratibu. Mnalijua ziwa letu: hatua mbili kutoka ukingoni hakuna chini tena. Mimi kuogelea sikujua. Nikakaa kwenye jiwe nikaanza kulia, si kulia kwa hasira, kulia kule kwa kuona kipigo kinakuja.

Mariya akanitazama, akalitazama shati. "Nyamaza we!" akasema, akavua gauni, akaruka. Alirudi nalo kwa meno, kama mbwa, goti limechanika kwenye jiwe. Nilidhani yameishia hapo. Kumbe akavaa, akachechemea nyuma yangu mpaka kwetu, akasimama mbele ya mama yangu damu inamtiririka mguuni. "Mi ndiye nilitupa shati," akasema. "Kipigo ni yangu, si yake."

Baba akasimamisha cherehani. "Unaitwa nani, mutoto?"

"Mariya."

Baba akatutazama sote wawili, akatoa sindano mdomoni ili acheke vizuri. "Ah! Miezi yote hii munapigana juu ya jina moja? Huyu ni somo yako, Mariamu. Na somo hapigwi." Akatueleza kwamba somo ni mwenye jina lako, na mwenye jina lako ni kama wewe mwenyewe uliyezaliwa kwenye nyumba nyingine. Amri ikatoka hapo hapo barazani: tusiitane jina tena, tuitane somo. Mama akamfunga goti kwa kipande cha kitambaa cha mteja, na baba akajifanya hakuona.

Siwezi kuwaambia siku tuliyoanza kupendana. Nakumbuka tu kwamba jiwe likawa letu wote wawili, yeye upande mmoja na mimi upande mwingine, na kwamba alinifundisha kuelea, kiganja chake chini ya mgongo wangu. "Lala tu, somo. Maji haina shida na mutu mwenye hagombane nayo." Nikamfundisha "Abee", akanifundisha "Karame". Mchezo wetu mkubwa ukawa huo: mama yake akiita, yeye anajificha nyuma ya mtumbwi, mimi najibu "Karame!" kwa sauti yake, napanda, napewa samaki. Mama yangu akiita, yeye anakuja mbio, "Abee, mama!" Mama zetu walijifanya wamedanganyika kila mara. Sikukuu ya Idi baba alitushonea magauni mawili ya kitambaa kimoja, cha njano chenye maua madogo ya buluu, kilichobaki kwenye kazi ya watu. Somo akaja kula pilau kwetu na gauni lake. Noeli nikaenda kwao na langu. Mji mzima ukatujua kwa njano ile.

Sasa nifike pale ambapo sipapendi.

Ilikuwa Ijumaa. Somo alikuwa ameondoka na shangazi yake kwa mtumbwi kwenda Nyamyumba, kwenye ubatizo wa mtoto wa ndugu yao, na alibeba gauni lake la njano kwa ajili ya sherehe. Walisema watarudi Jumapili. Mimi nilikuwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, na kwa sababu ilikuwa Ijumaa nilivaa gauni langu.

Narudi nyumbani alasiri, nasikia kilio kinatoka uani kwetu. Nikajua kuna msiba. Sikujua kwamba ni wangu. Mzee jirani aliyekuwa amesimama mlangoni aliponiona akashika mdomo, akarudi nyuma akanipisha. Nikaingia. Mama alikuwa chini kwenye mkeka, ushungi umeanguka, na nyuma yake Mama Mariya amemkumbatia, amemshika kifuani asianguke, naye analia machozi ya kweli. "Jikaze, Mama Mariamu," alikuwa anasema. "Jikaze. Ni mutoto yetu sisi wote."

"Mama," nikasema, "nani amekufa?"

Wakainua vichwa wote wawili.

Mama alinirukia. Alinishika uso, mabega, nywele, akapiga kelele ambayo naisikia hadi sasa: "Alhamdulillahi! Alhamdulillahi! Si wewe! Si mtoto wangu!" Alinibana mpaka pumzi ikaniishia. Na juu ya bega lake nikamwona Mama Mariya. Hakuwa ananitazama usoni. Alikuwa analitazama gauni langu. Mikono yake ilikuwa bado imebaki mbele, vile vile alivyokuwa amemshika mama, na ndani yake hapana mtu.

Magauni yale yalikuwa mawili tu duniani. Upepo ulikuwa umechafuka, mtumbwi ukapinduka, kwa nini walirudi mapema hakuna aliyejua. Waliookoka walikuwa ufuoni wanalia "Mariya! Mariya!", na mtu mmoja mwema akaiona ile njano kwenye mchanga, akasikia jina, akakimbia moja kwa moja kwa fundi wa kushona. Na Mama Mariya aliposikia mtoto wa fundi amekufa maji, aliacha moto wake, akaja pekupeku kutulilia sisi.

"Basi ni wangu," akasema, polepole.

Mama akaacha kushukuru, lakini hakuniachia. Baba akainuka, akavaa kofia yake, akashuka na Mama Mariya ziwani.

Somo akazikwa kule misheni. Mimi na baba tulisimama nje ya kanisa, tukasikia nyimbo zikitoka mlangoni. Gauni langu la njano sikuliona tena. Mama alilichukua na sikuuliza. Nililia mchana na usiku, na nilipokwenda ziwani nilikaa upande wangu wa jiwe, ule mwingine nikauacha.

Baada ya arobaini mama akaanza kunituma. "Mariamu, nenda kwa Mama Mariya, kalete samaki." Hata siku ambayo nyama iko jikoni inachemka: kalete samaki. Yeye mwenyewe hakwenda, alikuwa hawezi kumtazama yule mwanamke usoni. Mimi niliona ni uchokozi tu wa watu wazima, kunipeleka kila siku mahali panaponiumiza.

Jioni moja nikiwa chini kwenye jiwe, nikaisikia sauti juu ya mteremko. Nadhani ilimtoka kwa mazoea, mikono ikiwa kwenye moto. "Mariyaaa!" Wanawake waliokuwa wanachota maji wakakaza macho chini. Bibi mmoja akaninong'oneza, "Usijibu, mutoto. Hiyo inaita mufu." Niliogopa, wallahi. Lakini nilifikiria ule wito unapanda na kushuka hapo juu ya maji, hakuna wa kuupokea, nikashindwa.

"Karame!" nikajibu.

Sauti ikarudi, imepasuka kidogo: "Njoo, mutoto wangu. Samaki imeiva."

Nikapanda. Akanipa samaki bila kunitazama vizuri, kama ile mara ya kwanza. Na ikawa hivyo kila nilipokwenda, mwaka hadi mwaka. Aliita Mariya, nikajibu karame, nikala. Nilidhani namdanganya kwa huruma. Nilijiona mjanja.

Mwisho wa miaka hiyo niliposwa na kijana wa Bukavu. Siku ya kuondoka wanawake walijaa uani kwetu, vigelegele, harufu ya udi, mama analia na kucheka. Mama Mariya alisimama nyuma ya wote, ameshika samaki wa kuchoma kwenye jani la mgomba. Nikangoja aniite. Akaniita.

"Mariamu."

Lote. Na mkia wake. Alikuwa hajapata kulitamka hivyo hata mara moja. Nikafungua mdomo niseme karame, nikaona haliwezekani tena, si langu. "Abee, mama," nikasema. Akatikisa kichwa kwamba ndiyo, akanipa yule samaki, na hapo ndipo alipolia. Nilikula samaki yule ndani ya gari, nimejifunika ushungi, chumvi nyingine sijui ilikuwa ya nani. Sikumwona tena, alifariki kabla sijarudi kusalimia.

Yapo ambayo niliyaelewa nilipozaa binti wangu wa kwanza, nikamshika, nikahisi ile hofu ya kumpoteza. Nikaelewa kwamba mama yangu hakuwa ananituma samaki. Alikuwa amemshukuru Mungu kwa sauti kubwa mbele ya mwanamke aliyekuwa anamlilia mtoto wake, na hakuwa na namna ya kuirudisha shukrani ile mdomoni. Basi akawa ananiazima. Kila jioni alimwazima Mama Mariya mtoto aliyebaki, kwa saa moja, akaketi barazani akingoja nirudi. Na Mama Mariya hakudanganyika hata siku moja. Alijua ni nani anayepanda mteremko. Alitaka tu jina la mwanawe likiitwa, pawe na mtu wa kusema uishi sana.