Kamba yangu ya pinki kwenye boti ya Mzee Eulogio

Jamani, umewahi kukuta kitu chako kwenye nyumba ambayo hujawahi kukanyaga?

Mimi nimekikuta. Kwenye boti.

Na tangu siku hiyo uso wangu sijui niuweke wapi. Acheni niwamwagie yote, maana nikikaa nayo nitapasuka.

Naitwa Rocío, wa hapa Almería, pwani ya Uhispania. Mwezi wa sita nilimaliza chuo, mwezi wa saba nikapata cheti cha unahodha. Cheti kilikuwa na wiki tatu tu, lakini mdomo sasa! Ungenisikia ungedhani nimezaliwa juu ya mlingoti.

Shangazi yangu Encarna akaniazima boti yake ya matanga niende nayo mpaka bandari ya Águilas na kurudi.

"Ukiirudisha bila mkwaruzo nakununulia ya kwako," akasema. "Ukinitia aibu, unakuja ofisini kwangu kunipigia mihuri."

Nikambeba shoga yangu Nuria, jibini, tikiti maji, na kamba mpya ya pinki.

Ndiyo, pinki. Bandarini walinicheka hadi basi.

"We Rocío, hiyo ni ya kufungia boti au nywele?"

Nikawaambia wivu utawaua.

Siku ya pili, mchana, tukaingia ghuba ya Genoveses. Boti kama tano zimetulia. Karibu na moja nyeupe yenye mstari wa kijani kulikuwa na boya dogo la rangi ya chungwa, linaelea zake.

"Nuria, bahati hiyo! Boya la kufungia. Hata nanga hatushushi."

"Mbona kadogo hivyo? Kama mpira wa mtoto."

"Mwenye cheti nani hapa?"

Akanipisha. Nikalifunga kwa kamba yangu, fundo safi kabisa. Halafu, kama tulivyofundishwa, nikarudisha boti nyuma kwa injini, nguvu zote, kupima kama limeshika.

Likashika. Likashika. Likaachia.

"Boya bovu hili!" nikafoka. Fundo nalo limekaza, halifunguki. Nikachukua kisu, nikakata kamba, twende zetu. Tukashusha nanga yetu upande wa pili, tukala tikiti, mambo ya boya yakaisha.

Kama saa kumi hivi, Levante ikaamka. Huo upepo ukiamka hauna salamu.

Mara ile boti nyeupe ikaanza kutembea yenyewe. Kinyumenyume. Kuelekea kwenye mawe.

"Mwenyewe kalala!" Nuria akapiga kelele.

Ningeweza kubonyeza honi tu. Honi ilikuwa pale, karibu na goti langu. Lakini mimi? Nikashika redio, nikasoma jina la boti ubavuni mwake, pwani nzima inisikie.

"Golondrina, Golondrina, unakwenda kwenye mawe! Kuna babu kalala humo, hata kutupa nanga hajui! Wa umri huo wapewe kiti cha kuotea jua, sio boti!"

Watu walicheka redioni. Nikajisikia nyota.

Mwenye boti, Mzee Eulogio, miaka sabini na tisa, akatoka na kaptula ya kulalia, akawasha injini, akajinasua zimebaki hatua chache. Kisha akavuta nanga yake. Akashika kitu mkononi, akakitazama, akatazama kwetu.

Nikampungia mkono.

Naye akanipungia.

Asubuhi yake tulikwenda kijiji cha jirani, San José, kunywa kahawa na mkate wa nyanya. Mwenye mgahawa, dada mmoja anaitwa Amparo, ana redio kaunta. Kusikia sauti yangu tu, akaja kunibusu.

"Ni wewe uliyemwokoa baba! Miaka miwili namwambia, baba, siku ukikosea moja tu, boti naiuza. Jana imetosha."

Mzee alikuwa pembeni, anakoroga kahawa.

"Nanga yangu haijawahi kuachia," akasema taratibu. "Miaka arobaini."

"Baba, basi."

Na mimi, mdomo huu huu, nikachomekea: "Babu, umri ni umri."

Akaniangalia. Akaendelea kukoroga.

Boti ya shangazi ilirudi haina hata doa. Mwezi wa tisa akanifunga macho kwa kitambaa, akanipeleka bandarini. Kufunguliwa, boti hii hapa: nyeupe, mstari wa kijani. Golondrina.

"Nimeipata San José. Ni yako, mwanangu!"

Nikapiga vigelegele, nikaruka ndani, nikaanza kufungua kila kifuniko. Mbele kabisa, penye nanga, nikakuta kamba nyembamba. Mwisho mmoja umefungwa kichwani mwa nanga. Mwisho wa pili, boya dogo la rangi ya chungwa.

Nikalinyanyua juani.

Somo la kwanza kabisa la nanga, jamani! Watu wetu hufunga boya dogo kwenye kichwa cha nanga, wajue ilipolala. Ukilivuta, nanga inang'oka.

Na juu ya boya, kipande cha kamba ya pinki. Fundo langu. Safi kabisa.

"Umeona nini humo?" shangazi akauliza.

Nikamwambia. Akasema neno moja: "Garini."

San José tulifika watu wanakula mchana. Nikaweka boya kaunta.

"Dada Amparo, baba yako hakukosea. Niliyeing'oa nanga yake ni mimi."

Vijiko vilisimama. Amparo akamgeukia mzee.

"Baba, ulijua?"

"Tangu siku ile."

"Na hukusema!"

"Nilisema nanga yangu haiachii. Ukaniambia basi." Akanitazama mimi. "Huyu mama alipokuja kununua alisema ni ya mpwa wake, yule wa kamba ya pinki. Wanunuzi wawili nilikuwa nimewakataa. Yeye nikamkubalia palepale. Nikaacha boya mahali pake."

Alikuwa ananisubiri, jamani. Wiki zote zile, mzee alikuwa ananisubiri nifungue kifuniko.

Amparo alilia kwenye aproni. Shangazi akarudisha funguo za Golondrina mezani kwa mzee. Mimi nikapewa redio.

"Kwa sauti ile ile," shangazi akasema.

Nikasema. Jina langu, cheti changu, boya, kisu, yote. Safari hii redioni hakucheka mtu, na hapo ndipo paliponiuma zaidi.

Sasa napiga mihuri ofisini kwa shangazi. Jumamosi Mzee Eulogio ananichukua baharini, na kazi ya nanga ananiachia mimi. Kipande cha pinki hajakitoa kwenye boya. Anasema kinaonekana vizuri kwa mbali.

Ndugu zangu, kabla hujamtangaza mtu kwamba anakwenda kwenye mawe, kagua kwanza kisu chako kilikata kamba wapi.